Gari la Kumbeba Bibi Hajira

Muhsin ni fundi seremala wa Kilole, Korogwe. Anatengeneza vitanda, meza na viti. Ukipita kwake asubuhi utamkuta na penseli sikioni, anaranda mbao huku anaimba. Haimbi vizuri, lakini majirani wameshazoea. Mke wake, Mwaija, anashona nguo kwenye kibaraza hicho hicho.

Mwaka huu kulikuwa na jambo lililomnyima Muhsin raha. Mama yake, Bibi Hajira, anaishi Sindeni, upande wa Handeni. Aliteleza akitoka kuteka maji, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini mguu ulibaki mgumu. Daktari wa Korogwe alisema wazi, "Mama huyu aje kila wiki afanyishwe mazoezi. Akiacha, mguu utakakamaa na hatatembea tena."

Bibi Hajira alikuja mara chache, kisha akaanza kukosa. Kutoka nyumbani kwake hadi kwenye lami ni njia ya vumbi, mashimo matupu. Alipakiwa kwenye bodaboda, halafu akapanda basi. Akiulizwa kwa nini hakuja, alijibu, "Sijambo, mwanangu. Nimepona." Kumbe hata kwenda uani alikuwa anashikiliwa. Na kuhamia Korogwe hakutaka hata kusikia. Kuku wake angemwachia nani?

Basi Muhsin na Mwaija wakaamua kutumia akiba yao kununua gari dogo. Walikwenda kwa Nicolaus, muuza magari wa pale mjini. Nicolaus aliwaonyesha magari mawili, moja jekundu na moja la kijivu.

"Haya ni ndugu wa tumbo moja," alisema Nicolaus. "Aina moja, mwaka mmoja, injini ile ile. Tofauti ni toleo tu. Jekundu ni spoti. La kijivu ni komfoti, yaani limetengenezwa kwa starehe ya abiria."

Muhsin hakusikia hata nusu ya maneno hayo. Macho yalikuwa kwenye jekundu. Lilikuwa na rimu pana zinazong'aa. Lilikaa chini chini, kama paka anayenyemelea panya. Muhsin aliingia, akashika usukani, na kushuka ikawa kazi.

"Ndilo hili," alisema. "Mama atapanda kama malkia."

"Tumwulize mwenyewe," alisema Mwaija.

Muhsin akapiga simu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunataka kununua gari la kukuchukua. Jekundu, zuri sana. Utalipenda?"

"Chochote utakachoniletea nitakipenda. Mungu akubariki."

Muhsin akakata simu, meno yote nje. "Umesikia? Amekubali!"

Mwaija aliguna tu.

Jioni jirani yao Evodia alikuja kuchukua stuli yake. Watu humwita Mama Angel. Babu yake alikuja Korogwe kukata mkonge, na yeye mjukuu akawa dereva. Aliendesha gari la wagonjwa kwa miaka mingi, na sasa amestaafu. Akiwa na neno, halimkwami kooni. Mwaija alimweleza habari ya gari jekundu.

"Fundi," alisema Mama Angel, "mzee akija kuagiza kiti, unamtengenezea cha kimo gani?"

"Napima goti lake kwanza. Kiti kikiwa kifupi hawezi kuinuka."

"Na hilo gari, umepima goti la nani?"

Muhsin alicheka. "Gari si kiti, Mama Angel."

"Gari ni kiti chenye matairi. Nawe umelikalia peke yako, tena limesimama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yapeleke yote mawili Sindeni. Mama akae mwenyewe, njia iwe ile ile ya kwake."

Nicolaus alikubali. Anajua kwamba mteja akijuta, humsema muuzaji mji mzima.

Kesho yake Muhsin aliendesha jekundu, Mwaija na Mama Angel wakiwa ndani. Nicolaus alifuata na la kijivu. Kwenye lami gari jekundu lilikwenda vizuri mno. Kwenye kona halikuyumba.

"Mnaona?" Muhsin alisema, akaanza kuimba.

"Naona," alijibu Mama Angel. "Spoti si gari baya. Kwenye lami limetulia kweli."

Wakaiacha lami. Sasa kila shimo likawafika kiunoni. Mahali penye tuta, tumbo la gari likakwaruza ardhi. Muhsin akaacha kuimba.

Bibi Hajira alikuwa mlangoni, amevaa kanga mpya. Wakampandisha jekundu kwanza, na siti yake ilikuwa chini sana. Ilibidi Mwaija amshike mkono, naye bibi akajishusha polepole.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mama!" Muhsin alitania.

"Ni kweli," alisema Mama Angel. "Ila anayeinama ni yeye. Wewe umesimama."

Bibi Hajira alikaa mbele. Mama Angel alikaa nyuma ya Muhsin. Walikwenda hadi kwenye lami, wakageuza.

"Mama, gari zuri?" aliuliza Muhsin.

"Zuri sana, mwanangu. Mashaallah."

Wakapita shimo. "Hujambo hapo, mama?"

"Sijambo. Zuri mno."

Njia nzima ilikuwa hivyo, shimo na sifa. Muhsin alifurahi. Walipofika, kumtoa Bibi Hajira kulihitaji watu wawili, mmoja avute na mmoja ainue. Yeye alikuwa anatabasamu tu.

Mama Angel akamwita Muhsin pembeni. "Umemsikia mama yako?"

"Amelisifu njia nzima!"

"Usisikilize maneno. Tazama kanga yake. Mimi nilikuwa namwona. Kila shimo aling'ata pindo ili asilie. Nimebeba wagonjwa wengi wa huku kwetu, fundi. Mama wa heshima hakitii kasoro kitu alicholetewa na mwanawe. Mpe shubiri, atakwambia tamu."

Muhsin aligeuka. Pindo la ile kanga mpya lilikuwa limelowa na kukunjamana. Moyo ulimuuma sana. Alijionea haya mwenyewe.

"Mbona magari ni ya aina moja?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Spoti limeshushwa," alisema Mama Angel. "Springi zake ni ngumu ili lisilale kwenye kona. Tairi lake lina ubavu mwembamba, haliwezi kumeza shimo. Shimo lote linamfikia aliyekaa. Komfoti lina springi laini, tairi lenye ubavu mnene, na siti iko juu. Kwenye kona litainama kidogo, kwa hiyo usilikimbize."

"Na nguvu je?"

"Injini ni ile ile. Nicolaus alikwambia, ila ulikuwa unatazama rimu."

Wakahamia kwenye la kijivu. Safari hii Muhsin alipima kwanza. Siti ilikuwa sawa na goti la mama yake. Bibi Hajira alikaa, kisha akageuza miguu na kuiingiza ndani, polepole, bila kuvutwa.

"Usimwulize kitu," Mama Angel alimnong'oneza Muhsin. "Endesha tu."

Walianza safari. Shimo la kwanza, kimya. La pili, Bibi Hajira akatazama nje.

"Nani kakata ule mnazi?" aliuliza. "Haya, tazama! Mbuzi wa Sadala wameingia tena kwenye mahindi yangu! Muhsin, simama nimseme!"

Gari halijasimama vizuri, tayari alikuwa ametoa mkono dirishani anamtishia jirani yake Sadala. Pindo la kanga lilining'inia, halina habari. Aliongea hadi kwenye lami na kurudi. Aliongea habari za mvua, za kuku, za harusi ya kule Mazinde. Gari hakulisifu hata mara moja.

Mama Angel akamgusa Muhsin begani. "Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Muhsin, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Walinunua la kijivu. Kila wiki Muhsin humfuata mama yake, na kwenye mashimo hupunguza mwendo, maana springi laini hazisaidii kitu dereva akikimbiza. Bibi Hajira hakosi tena mazoezi. Mguu umeanza kukunjika. Uani anakwenda mwenyewe, na kuku wanamjua kwa fimbo yake.

Siku moja walikuwa wanatoka hospitali.

"Mama, niambie kweli," alisema Muhsin. "Lile jekundu lilikuwaje?"

Bibi Hajira alicheka hadi akaegemea ukuta. "Lile? Lilitaka kunimaliza, mwanangu!"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi mno. Ningeanzaje?"

Muhsin akamshika mkono. "Mama, nakuomba. Nikikuletea kitu kibaya, sema."

Bibi Hajira alifikiri kidogo. "Nitasema. Basi vile viatu ulivyoniletea sikukuu ya Idi vinanibana vidole. Tangu mwaka jana."

Hawakurudi Sindeni moja kwa moja. Walipitia duka la viatu. Muuzaji alileta pea moja nzuri, yenye maua. Bibi Hajira akavaa. Akaweka fimbo chini, akasimama, akatembea hadi mlangoni na kurudi bila kushikwa na mtu.

"Vinabana," alisema, duka zima likasikia. "Lete vingine."