Gari Jeupe Mlangoni kwa Cornelia

Baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba haina adabu. Inamwingia mtu bila kupiga hodi. Winifrida alizaliwa Namanyere, lakini miaka sita ya kufanya kazi Dodoma ilimsahaulisha. Ndiyo maana Ijumaa ile alikuwa sokoni kwenye mitumba, amevaa gauni la kitenge la mikono mifupi, meno yakigongana. Akaona sweta la kijani kwenye lundo, akadaka mkono mmoja. Mkono wa pili ukadakwa na mtu mwingine.

"Dada, hilo nimeliona mimi kwanza."

"Umeliona, mimi nimelishika. Kuona hakuna risiti."

Mwanamume akacheka. Alikuwa mrefu, koti lake la kaki limejaa vumbi la barabara za vijijini, ndevu zimechongwa vizuri kuliko mtu wa vumbi anavyostahili.

"Basi mgeni apewe."

"Mgeni nani? Mimi Mfipa wa Namanyere, binti wa mzee Teodori."

"Mfipa gani anatembea Julai na mikono wazi?"

Akaliachia, akalilipia. Winifrida alilivaa palepale, likamfika magotini. Yule mwanamume akajitambulisha kuwa anaitwa Gaudensi, akamwalika chai, na chai ikazaa namba ya simu. Siku mbili simu hazikupoa. Wapendanao wapya hawaulizani kazi. Wanaulizana umekula, umelala, umeniota? Kila mmoja alimwambia mwenzake tu kwamba kazi zake ni za vijijini, ikatosha.

Jumatatu ikawaumbua. Winifrida aliingia kwenye kikao cha mradi wa ulinzi wa watoto akiwa mtathmini aliyetumwa kuupima. Mratibu aliyesimama kumkaribisha alikuwa Gaudensi.

Mradi wenyewe ulikuwa wa wanakijiji. Katika vijiji kumi na viwili kulikuwa na kamati zilizopokea habari za watoto wanaopigwa, wanaoachishwa shule, wanaoozwa. Kila kesi iliandikwa kwenye rejista, ikafuatiliwa. Wafadhili walitaka kujua kama kazi inafanyika. Ripoti ya Winifrida ingekuwa mbaya, kamati zote zingefungwa kabla ya Septemba.

"Gau, tuache kwanza," alimnong'oneza koridoni. "Mpaka ripoti iishe."

"Tuache nini? Hata hatujaanza."

"Basi tusianze."

Jioni hiyohiyo simu ikaita.

"Hii ni simu ya mratibu au ya mwenye sweta?" Winifrida akauliza.

"Ya mwenye sweta, mama."

Wakacheka, na katika kucheka ulimi ukateleza. Winifrida alimweleza atakavyofanya: kila kijiji atafungua rejista, atapiga kura ya bahati nasibu kupata kesi tatu na kuwatembelea watoto wenyewe. Gaudensi akadakia.

"Kwa lile gari jeupe mlilokuja nalo? Lenye picha ya mtoto mlangoni?"

"Ulitaka niende kwa punda?"

"Wini, si kila mtoto anaweza..."

"Gau! Kazi tena? Niambie umekula nini."

Akamwambia amekula ugali wa ulezi na maharage. Lile lingine likabaki kooni.

Alhamisi, kwenye ofisi ya kijiji cha Mwazye, Winifrida alifungua rejista. Karatasi ya kumi na tatu ilifuatwa na ya kumi na tano. Ya kumi na nne ilikuwa imekatwa kwa wembe, safi kabisa. Katibu wa kamati akayatazama makubazi yake.

"Nani amekata?"

"Mratibu alipita jana."

Winifrida alitoka nje, akampigia Gaudensi simu.

"Umekata wewe?"

"Nimekata."

"Kwa nini?"

"Si la kusema kwenye simu."

"Nilikwambia mimi, Gaudensi! Nilikwambia kwa mdomo wangu, nimevaa sweta lako, kwamba nitafungua rejista. Kesho kutwa yake ukaenda na wembe!"

"Wini, nisikilize. Hiyo kesi usiitafute. Nakuomba."

"Unaniomba kama nani?"

Winifrida akakata simu kabla hajajibiwa. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira. Kumbe alipendwa ili mradi ufaulu. Hivyo ndivyo alivyoamini, na mwenye donge moyoni haambiliki.

Alikuwa na muhtasari wa wilaya. Ulisema kesi za Mwazye ni saba, ya saba ya binti aliyetoka kijiji kingine; rejista ilikuwa na sita.

"Shija," alimwambia dereva, "tunaitafuta ya saba."

Shija alisimamisha gari penye duka, akatoa kichwa dirishani. "Jamani, binti mgeni wa ile kesi anakaa nyumba ipi?"

Aliuliza kwa sauti ya dereva, inayosikika hata ng'ambo ya mto. Winifrida alijua pale pale kwamba swali lile halikupaswa kuulizwa. Hakumzuia. Mama mmoja akanyoosha kidole. Mwanamume mwenye kofia ya sufu akatoa simu, akawapa mgongo.

Walisimama mbele ya nyumba ya tofali za kuchoma, mahindi yameanikwa uani. Mama mmoja wa makamo alikuwa anapepeta ulezi, kanga mbili kiunoni. Ungo ukasimama hewani.

"Shikamoo, mama."

"Sina marahaba ya gari hilo."

Majirani walikuwa wameshaanza kusogea. Mlangoni alitokea msichana wa miaka kumi na minne, amevaa sare ya shule, daftari kifuani. Akamtazama Winifrida, kisha gari, kisha Winifrida tena.

"Dada," akauliza polepole, "umetumwa na mjomba?"

 Yule mama, Cornelia, alimvuta Winifrida ndani, akafunga mlango.

"Miezi mitano," alisema kwa sauti ya chini. "Miezi mitano nawaambia watu Hellena ni mtoto wa dada yangu, amekuja kusoma. Mjomba wake alishapokea ng'ombe za mtu wa bonde la Rukwa, na huyo mtu anamtafuta mkewe, ndivyo anavyomwita. Kamati tunajua watu watatu tu. Jana Gaudensi akaja, akasema, 'Mama, kuna kura itapigwa, na gari likisimama kwako kijiji kizima kitajua.' Akakata ukurasa. Leo limesimama."

"Mama, sikujua."

"Uliombwa usije, Gaudensi amenipigia. Ulijua hilo." Cornelia akachungulia dirishani. "Na yule mwenye kofia pale nje ni mtu wa mjomba."

Winifrida alipiga simu. Iliitikiwa kabla haijaita mara mbili.

"Gau."

"Umesimama kwake."

"Nimesimama. Nimekosea. Kuna mtu ameshapiga simu."

Akasikia pumzi yake, kisha sauti ngumu ambayo hakuwahi kuisikia. "Mpakieni Hellena na Mama Cornelia. Msisimame popote. Njooni mjini, hosteli ya masista. Nitakuwa hapo na afisa ustawi."

"Gau, nisa..."

"Ondokeni kwanza."

Hawakufika mbali. Pikipiki mbili ziliwapita zikielekea Mwazye; moja ikageuza. Hellena alilala chini, katikati ya viti, na Winifrida akavua sweta la kijani, akamfunika kwa hilo na kanga za Cornelia. Pikipiki ikawafikia, ikaenda nao sambamba. Mwendeshaji akachungulia vioo. Alimwona Cornelia akisali rozari, akamwona Winifrida ameweka faili magotini, miguu yake juu ya lundo la nguo. Lundo lilikuwa linatetemeka. Winifrida alisikia kila tetemeko kwenye nyayo zake, akafungua faili na kujifanya anasoma.

"Shija, usipunguze."

"Sipunguzi, dada. Mdomo wangu ndio umetufikisha hapa."

Kwenye mwinuko, vumbi la gari likamzidi mwendesha pikipiki, akabaki nyuma. Punde wakafika lami.

Gaudensi alikuwa getini. Alimpokea Hellena, akampeleka ndani kwa masista, akarudi baada ya muda mrefu. Winifrida alikuwa amesimama kwenye baridi, mikono wazi.

"Ungeniambia," akasema.

"Nilianza kukwambia. Ukasema kazi tena."

"Ungesisitiza, Gau!"

"Kweli." Akajikuna ndevu. "Niliogopa ukijua utalazimika kuandika. Wembe ukawa rahisi kuliko maneno. Hapo nilikosea mimi. Lakini nilikuomba, Wini. Nilikuomba, ukauliza kama nani."

"Nimempotezea mtoto nyumba."

 Gaudensi akageuka kuondoka. "Andika unavyoona, mtathmini."

Jina hilo lilimchoma kuliko tusi.

Siku tisa hawakupigiana simu. Winifrida alijifungia na ripoti, akaandika hivi: kamati ya Mwazye ilimficha mtoto kwa miezi mitano bila gari wala ulinzi, na mtathmini akamtia hatarini ndani ya saa moja. Kasoro ya kura na gari jeupe ni ya utathmini, si ya kijiji. Mratibu alikata ukurasa, jambo lisilofaa, kwa sababu inayofaa. Mwisho akaongeza: mtathmini anampenda mratibu, kwa hiyo kazi hii ipitiwe na mtu mwingine. Akatuma. Kesho yake Dodoma wakampigia, wakamwambia asirudi kazini. Mtathmini mwingine alikwenda Mwazye kwa bodaboda, akaongea na kamati kanisani baada ya misa. Kamati zikabaki.

Jumatano ya mwisho ya Julai Winifrida alikuwa stendi, begi miguuni, akisubiri basi la Namanyere, arudi kwa baba yake akaanze upya. Akaona koti la kaki linakuja mbio kati ya magunia ya mahindi. Mkononi alikuwa na sweta la kijani.

"Hellena amekurudishia. Amelifua mwenyewe."

"Anaendeleaje?"

"Anasoma. Masista wanamlalamikia kwa maswali. Mama Cornelia anakusalimu, anasema uende kumwona." Akatabasamu kidogo. "Kwa miguu."

Winifrida akacheka, kicheko kikageuka kilio.

"Nimesoma ripoti," Gaudensi akasema. "Umewaambia mabosi wote kwamba unanipenda. Mimi hujaniambia."

"Hujaniuliza."

"Nauliza."

"Nakupenda, Gaudensi. Na ule wembe bado nimeukasirikia."

"Mimi pia nakupenda. Na lile gari bado nimelikasirikia." Konda alikuwa anapiga ubavu wa basi. "Mwambie mzee Teodori Jumamosi namtuma mshenga."

Abiria wakampigia Winifrida kelele apande. Gaudensi akamnyooshea sweta.

"Kaa nalo," Winifrida akasema. "Alilete mshenga. Na ashukie stendi, atembee. Gari likisimama kwa baba, mtaa mzima utajua kabla sijaitika."

"Utaitika?"

Alikuwa ameshapanda. Gaudensi akamfuata hadi dirishani, upepo wa asubuhi ukivuma.

"We Wini! Mfipa gani anasafiri Julai na mikono wazi?"

"Anayejua Jumamosi si mbali," akajibu, na basi likaondoka.