Kibuyu cha Gogo Kilienda Kuposa Mwingine

Kofi ya kwanza ilinipata kwa sikio. Ya pili ikanipasua mdomo.

"Cheptanui, nimesema leta hicho kibuyu!"

"Sileti! Chagua kingine, viko vitano hapo. Hicho ni cha gogo."

"Huyo nyanya yako alikufa!"

"Alikufa akiniambia hakitoki kwa nyumba mpaka siku msichana wa kwetu anaolewa."

Kiptum akacheka. Huyo ndiye bwana yangu, miaka mitatu tunaishi pamoja hapa Rhonda na hakuna mzee wao hata mmoja amewahi kukanyaga kwetu Subukia kuniomba. Akachuchumaa, akanishika kidevu na vidole vyake vigumu.

"Na si ndiyo hiyo siku imefika, mjinga wewe? Wazee wetu wanakutana Gilgil Jumamosi. Wamesema lazima waonje mursik ya msichana kabla wakuje kwenu. Unataka niwabebee kwa mtungi wa plastiki?"

Nichekeni mkitaka, lakini wacha niseme ukweli. Damu ilikuwa inanitoka mdomoni, jino la mbele lilikuwa linacheza, na mimi nilifurahi. Ningeolewa! Nikafuta mdomo na leso, nikaenda kuwasha jiko.

Mursik ya kwetu si hiyo maziwa lala ya supermarket. Gogo Tabutany alifundishwa na mamake, na mamake akafundishwa na wake. Unachoma kijiti cha senetwet mpaka ncha iwe kaa jekundu, unakizungusha ndani ya kibuyu polepole, halafu unarudia na kijiti cha mti mwingine ambao hata ninyi siwatajii. Kila nyumba iko na mkono wake. Mtu akionja anajua imetoka kwa nani. Nilijaza kibuyu maziwa Jumatatu, na Jumamosi ilikuwa imeiva vizuri, nyeupe yenye madoa ya kijivu.

Asubuhi hiyo Kiptum alivaa suti ambayo sikuwahi kuiona. Jino lilikuwa limeshatoka.

"Na mimi si nikuje?" nikamuuliza.

"Na hiyo sura? Unataka kuniaibisha?"

Akabeba kibuyu cha gogo, akaenda.

Saa nane mchana nilikuwa nachoma vibuyu vyangu vingine vya biashara, simu ikalia. Kiptum! Nikapokea na mikono ya masizi.

"Babe! Wazee wamesemaje? Wameipenda?"

Nikasikia mtu anakohoa, kiti kinaburutwa, halafu sauti ya mwanamke mzee.

"Wewe ni nani wa Tabutany?"

"Ni gogo yangu. Nani anaongea?"

"Nilijua! Nimeonja tu mara moja nikajua ni mkono wake. Nikageuza kibuyu, nikaona ufa umeshonwa. Ni mimi nilishona hapo, tukiwa wasichana. Na huyu kijana ananiambia imetengenezwa na mamake."

"Mamake? Huyo hata kibuyu hajui kukishika!"

Simu ikabadilisha mkono. Sasa ilikuwa sauti ya msichana.

"Na wewe ni nani wa Kiptum?"

"Bibi yake. Na wewe?"

"Naitwa Kimberly. Leo ndiyo amekuja kuniposa. Huyu gogo yangu alisema hanitoi mpaka aonje mursik ya kwao. Tumemnyang'anya simu tumpigie huyo mamake, tukapata 'Mama Maziwa', kumbe ni wewe, dada. Na uko kwa loudspeaker, ukoo wote unakusikia."

Kumbe ni mimi nilipika uchumba wa mwenzangu! Nikatamani kulia, hasira ikatangulia.

"Basi wacha wasikie. Kimberly, muulize jino langu la mbele liko wapi. Muulize alinipiga mara ngapi ndiyo hicho kibuyu kitoke kwa nyumba."

Nikasikia mama mmoja anapiga mayowe. Nikasikia Kiptum: "Lete hiyo simu!" Kikaanguka kitu, laini ikakatika.

Dakika ishirini baadaye, meseji: "Umeniaibisha mbele ya watu. Nakuja kukumaliza."

Nikamwonyesha jirani yangu Naliaka.

"Cheptanui, toka! Kimbia!"

"Nikimbie niende wapi? Hapa ni kwangu."

"Ati kwako! Basi funga mlango, naenda kuita vijana wa garage."

Nikafunga, nikarudi kuchoma na kujaza vibuyu. Kiptum alifika kabla yao. Mlango ulikubali teke la pili. Hakusema hata neno. Alianza na vibuyu. Alivikanyaga kimoja baada ya kingine, vyote vitano, pap, pap, maziwa ikatapakaa mpaka chini ya kitanda. Halafu akanigeukia. Ngumi ya mbavu ikanikalisha chini, akanipandia kifuani, mikono miwili kwa shingo.

"Ongea sasa! Si ulikuwa unaongea? Ongea!"

Nikaona giza. Mkono wangu wa kulia ukapapasa sakafu, ukagusa jiko, ukapata kijiti cha senetwet. Ncha yake bado ilikuwa nyekundu. Nikakishindilia kwa shavu lake.

Wuui! Alivyolia, mtaa wote ulisikia. Aliniachilia, nami sikumwachilia. Nikamchoma mkono, ule ule wa kofi.

"Hiyo ya shavu ni ya jino! Hii ni ya gogo!"

"Chep, nakufa! Chep, tafadhali!"

"Leo ndiyo unajua tafadhali?"

Naliaka akaingia na mchi wa kinu, akamlaza na pigo la mgongo. Vijana wa garage wakamfunga na tyubu ya baiskeli, wakampeleka polisi akiwa ananuka maziwa na nywele za kuungua.

Jumatatu Kimberly alikuja na gogo yake. Mimi shingo ilikuwa imevimba, siwezi hata kumeza. Huyo msichana aliniangalia usoni, akaanza kulia.

"Pole, dada. Huyo alikuwa ananiambia mimi ndiye wa kwanza."

"Hata mimi aliniambia hivyo."

Gogo yake akafungua leso, akatoa kibuyu chetu. Kilikuwa kizima. Alikuwa amekiosha na kukichoma tena kwa mkono wake. Hapo ndipo nililia, nikalia mpaka mbavu zikauma.

"Nilishona vizuri, eh?" mzee akasema. "Shika. Tabutany angekuchapa ukimpa tena mwanaume."

Wiki iliyopita Kiptum aliachiliwa kwa bondi. Hakulala hata siku mbili, meseji ikaingia:

"Babe, shetani alinipitia. Nimemiss mursik yako. Naweza kuja?"

Nilikuwa nachoma vibuyu vipya. Nikaangalia jiko, nikaandika na kidole kimoja:

"Kuja. Kijiti kimeshika moto vizuri."

Mpaka leo hajafika.