Dumu la Akiba

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Machage alisimama karibu na bomba la shule mjini Musoma, akawatazama wenzake wakijaza chupa zao, kisha akasonya. "Watoto wa mama!" alisema. "Sisi ukoo wetu ni wafugaji. Mchungaji hanywi maji mpaka ng'ombe wanywe." Ng'ombe wenyewe aliwaona wakati wa likizo tu, tena akiwa amejificha nyuma ya babu yake. Kuchunga hakuwahi hata siku moja, ila maringo ya kuchunga alikuwa nayo tele.

Mwezi wa tisa skauti wa shule hiyo walipanga kutembea kwa miguu kutoka Bunda hadi Butiama, mabegi mgongoni. Mwaka huo jua liliwaka bila huruma na malambo yalikuwa yamekauka. Mwalimu Felisian, kiongozi wao, aliagiza kila mtu abebe maji yake, na mmoja abebe dumu la akiba, lisilofunguliwa ila mtu akiugua.

"Nipe mimi, Mwalimu!" Machage alidakia. "Hawa wengine watalia njiani."

Walishuka Bunda alfajiri, wakaacha lami na kufuata njia ya mkato katikati ya mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa. Jua lilipopanda, ardhi ilichoma mpaka ndani ya viatu. Tabitha, msichana mwembamba wa darasa la sita, alipiga funda dogo kila waliposimama, na kila mara Machage alimcheka.

"Utalimaliza ziwa wewe! Mchungaji hanywagi ovyo namna hiyo."

Alimkejeli mpaka msichana wa watu akaona aibu, akafunga chupa yake asiifungue tena.

Kumbe shujaa wetu alikuwa shujaa wa mdomo tu. Dumu lilimkata mabega, akaomba ruhusa ya kujisaidia. Alizunguka ua wa minyaa akakuta nyumba yenye simtanki jeusi la maji, ambayo kutoka njiani haikuonekana kabisa. Hapo hapo nyuma ya minyaa akafungua dumu la akiba, akamwaga maji yote mchangani. Akarudi akipiga mluzi!

Hawakufika mbali. Tabitha alianza kupepesuka na kusema maneno yasiyoeleweka. Ngozi yake ilikuwa kavu na inachoma. Akaanguka. Mwalimu alimlaza chini ya mgunga, akamfungua skafu na viatu. Chupa yake ilikuwa imepasuka chini ya uzito wake, za wenzake zilibaki matone, na kisima walichokitegemea walikwisha kukikuta kikavu.

"Machage, leta dumu!"

Mwalimu alilitikisa. Halikuwa na kitu.

"Limevuja, Mwalimu," Machage alisema upesi. Uongo wenyewe mbovu: begi lake halikuwa na hata unyevu. Lakini Mwalimu hakuwa na muda wa kumhoji.

"Basi tutambeba hadi Kiabakari," alisema. Kiabakari ilikuwa bado mbali sana.

Machage alijua maji yalipo. Ila kuyataja ni kutaja yote, naye aliogopa kuchekwa. Yeye, mtu aliyeishi kwa kucheka wenzake! Ndipo Tabitha akamwita mama yake kwa sauti ndogo kama ya mtoto mchanga, na Machage akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, halijavuja. Niliyamwaga, lilikuwa zito. Lakini pale nilipomwaga kuna nyumba ina simtanki, nyuma ya minyaa. Si mbali."

"Wewe ni mtu kweli?" Mseti, mdogo kuliko skauti wote, alimuuliza.

"Hayo baadaye!" Mwalimu alifoka. "Kimbieni!"

Mama Rhobi, mwenye nyumba ile, alijaza dumu, akalowesha kanga, akaja nao mwenyewe. "Watoto juani saa hizi! Mmerogwa?" alisema, akamfunika Tabitha kwa kanga mbichi na kuanza kumpepea. Baadaye Tabitha akaweza kumeza, wakampa maji kidogo kidogo, mpaka akauliza viatu vyake viko wapi. Kijana wa Mama Rhobi akampeleka zahanati kwa pikipiki pamoja na mama huyo. Jioni wakarudi: hatari ilikuwa imepita.

Skauti wote walilala nyumbani kwake. Kulipokucha Mwalimu aliwakusanya.

"Machage, mimi nimechunga kabla sijajua kuandika jina langu. Tulikuwa tunakunywaga asubuhi mpaka tumbo linajaa, na jua likipanda tunakaa kivulini. Aliyejifanya hana kiu tulimwona mjinga. Wewe umechukua majivuno ya uchungaji, ukaacha akili yake. Umemwaga maji ya wenzako, kisha ukadanganya. Mwisho ukasema kweli, na hiyo kweli ndiyo iliyomwokoa Tabitha. Kwa hilo nakushukuru. Na ninyi wote mshike hili: unachowatunzia wenzako si chako kuchezea, na ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijamuumiza mtu."

Machage alinyoosha mkono achukue dumu lililojaa.

"Liache," Mwalimu alisema. "Atabeba Mseti."

Mseti akalipachika mgongoni, akayumba kidogo, akasimama imara. Machage alifungua chupa yake, akanywa mbele ya wote. Hakuna aliyemcheka. Kisha akabeba begi la Tabitha juu ya lake, akashika mkia wa mstari kuelekea Butiama.