Kufuli la Zuzu

Uliliona lile gari.

Usigeuze uso. Uliliona. Pikapu nyeupe, Peugeot 504, inashuka Kizota saa nne asubuhi na mapipa ya petroli nyuma. Ulikuwa kando ya barabara unachagua zabibu. Vumbi lake likakuingia machoni, ukajipangusa, ukamwambia muuzaji, "Ongeza kidogo, mama."

Akaongeza. Ukaondoka.

Na mwaka mzima kabla ya siku hiyo ulikuwa ukipita Zuzu, karibu na reli, ukisikia cherehani zikiunguruma ndani ya ghala lenye kufuli kwa nje. Kwa nje! Mbuzi ndio hufungiwa hivyo. Hukuuliza. Ulisema soko huria limeingia nchini, wawekezaji wana mambo yao, na wewe una yako.

Basi kaa hapo usome ulichokipita.

*

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pikipiki.

Joha aliinama juu ya tangi la Yamaha na kuongeza moto. Mbele yake, nyuma ya ile pikapu, katikati ya mapipa, Seth, mlinzi wa meneja, alikuwa amepiga goti, SMG begani, anacheka. Alikuwa na haki ya kucheka. Ilikuwa siku ya mnada. Barabara imejaa ng'ombe, wachungaji, akina mama na matenga ya kuku. Joha akilipiga pipa moja tu, watu wasio na hatia watageuka mkaa.

Akairudisha bastola yake ya Browning kiunoni.

Redio ya Motorola ikakoroma kifuani.

"Tisa, Tisa, hapa Mlima. Uko wapi? Ova."

Ilikuwa sauti ya Bashiri, mkubwa wake ofisini. Ofisi yenyewe haina kibao mlangoni, na Tisa ndiyo jina pekee la Joha lililoko kwenye mafaili yake.

"Naelekea Zuzu. Ludovick yuko mbele yangu na petroli. Anakwenda kuchoma ghala."

"Una hakika kuna watu ndani?"

"Wanawake, Bosi. Na kufuli liko nje."

Bashiri akakohoa kile kikohozi cha mtu aliyezungukwa na wakubwa.

"Ghala lile ni la Kessel. Kessel ni mwekezaji. Wanasema usubiri kibali."

"Kinatoka lini?"

"Jioni."

"Petroli haijui jioni."

Akaizima redio.

Kwenye kikapu nyuma ya pikipiki, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, kilikuwa chuma kizito. Pasi ya mkaa. Kuukuu, mpini umeungua, kifuniko kimeota kutu. Hakikuwa kifaa cha Ofisi. Alikabidhiwa asubuhi ile ile.

Nikueleze ilikuwaje.

*

Uzi wa Haki ilikuwa karakana ya nguo Area C, mapaa ya bati, cherehani za Singer mistari miwili. Wanawake wanashona magauni ya kitenge yanakwenda Ulaya, kwa wanunuzi waliotaka nguo isiyo na dhuluma ndani yake. Na kweli hapo ndani dhuluma haikuwepo. Saa nne chai na mihogo. Mwenye mtoto mchanga ananyonyesha bila kuomba ruhusa. Bei ya kazi inajadiliwa kwenye kikao, watu wanagombana hasa, wanataniana, kura inapigwa kwa kuinua mikono. Na kila fundi, kabla hajakata kitambaa, anatarizi kwa mkono lebo ya nguo yake: *Imeshonwa na Evelina. Imeshonwa na Anyesi.* Ili anayevaa ajue aliyeshona ni mtu.

Kanuni moja haikupigiwa kura kamwe. Wa kwanza kufika asubuhi anafungua mlango na kuuwekea ile pasi ya mkaa kwenye kizingiti. Mlango haufungwi watu wakiwa ndani.

Aliyeileta pasi ni Mama Priska, Mgogo wa Haneti, mama wa karakana. Zamani alishona mjini kwenye kiwanda kilichokuwa kimefungwa kufuli kwa nje mchana kiliposhika moto. Mgongo wake hadi leo una ngozi kama ganda la mti. Hasimulii. Anaweka pasi.

Joha, mzaliwa wa Kondoa, alipachikwa pale kama fundi mpya. Ofisi ilitaka jambo moja: makontena yanayotoka Dodoma kwa jina la Uzi wa Haki yalikuwa mengi kuliko mikono ya wanawake wale. Nani anashona zilizobaki?

Meneja Ludovick, suti ya kijivu, manukato, Kiingereza cha semina, alikuwa na jibu kwa kila swali. Elieth, binti wa Mama Priska, alipomuuliza mbele ya kikao, wiki hiyo hiyo Elieth akatoweka.

"Ametoroka na dereva wa basi," Ludovick akasema. "Wako Babati. Vijana wa siku hizi, mama, utafanyaje?"

Mama Priska alibeba aibu ile miezi minane. Kanisani akahamia benchi la nyuma.

Asubuhi ile Joha alipasua katoni moja kabla haijapakiwa. Akatoa gauni la kitenge cha samaki, kitenge kilichoingia mjini mwezi uliopita tu. Akageuza kola.

*Imeshonwa na Elieth.*

Mikono ya binti ilikuwa imefungiwa mahali, lakini ilifanya ilichozoea: lebo kwanza. Na msimamizi wake hakujali kuitazama.

Joha akampelekea mama. Mama Priska akapitisha kidole juu ya herufi zile. Akasonya.

"Babati gani?" akasema. "Mwanangu anashona."

Wakati huo huo, nyuma ya ukuta wa ofisi, Ludovick alikuwa kwenye simu. Joha akasikia vizuri. "Wakaguzi wa wanunuzi wanatua saa tisa, na wameanza kuuliza habari za Zuzu. Wakifika pawe majivu. Ghala na vilivyomo."

Vilivyomo. Kama vile ni vitambaa.

Joha akatoka na bastola. Seth akamwahi kwa kitako cha bunduki, pua ikachanika. Evelina akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Pikapu ikaondoka, na Mama Priska akaikimbilia na pasi mikononi kama anataka kuiua. Iliposhinda mbio zake, akageuka, akaitupa pasi kwenye kikapu cha pikipiki ya Joha.

"Chukua, mwanangu. Huko hakuna pasi mlangoni."

*

Ghala lilikuwa limesimama peke yake kati ya reli na vichaka vya miiba. Madirisha yamezibwa kwa matofali. Mlango mmoja wa chuma. Kufuli la Union, kubwa kama ngumi.

Ndani, cherehani zinaunguruma.

Kessel alikuwa ndani ya Land Cruiser yake, kiyoyozi kinapuliza, anakunywa Fanta kwa mrija. Amevaa shati la kitenge la Uzi wa Haki. Alilivaa kwenye kila mkutano. Alipiga picha nalo.

Pikapu ilifunga breki. Ludovick akaruka, akaanza kumwaga petroli mlangoni na ukutani, kiatu chake cha ngozi kikiloa. Seth akageuka na bunduki.

Amechelewa.

Joha hakufunga breki. Aliinyoosha Yamaha, akaruka. Pikipiki ikamkuta Seth kifuani na kumkandamiza kwenye ukuta. Mbavu zikalia kama kuni kavu. Akavuta kifyatulio akianguka. Risasi zikachimba mchanga, moja ikapita kwenye bega la Joha.

Joha akapiga mbili. Seth akatulia.

Ludovick, nyuma ya pikapu, akajibu kwa bastola. Joha akamrushia risasi mpaka akajibanza chini ya gari na Browning ikabaki tupu, kisha akaitupa. Akachomoa pasi kikapuni.

Pigo la kwanza. Cheche.

"Mungu wangu, petroli!" akajikemea kwa sauti, akabadilisha pembe, akapiga kufuli kutoka juu.

Likashikilia.

Akapiga tena kwa mikono yote miwili, bega likichuruzika. Komeo likang'oka pamoja na kufuli lake.

Mlango ukafunguka. Joto likampiga usoni kama pumzi ya mgonjwa. Joha akaingia, na mkono wake, bila kumuuliza, ukafanya ulichofanya kila asubuhi Area C.

Ukaweka pasi kwenye kizingiti.

Walikuwa humo. Wasichana wa vijijini walioahidiwa kazi ya haki. Vifundo vya miguu vimefungwa minyororo ya baiskeli kwenye miguu ya meza za cherehani. Migongo ina alama za waya wa umeme. Hakuna aliyepiga kelele. Waliendelea kushona. Hilo ndilo lililomtisha Joha kuliko bunduki.

Mmoja akainua kichwa. Amekonda, macho ya Mama Priska.

"We nani?"

"Fundi mwenzako. Mama yako kanituma."

Elieth akatazama mlangoni. "Peke yako?"

"Wengine wanasubiri kibali."

Ndipo mlango ukarudi kwa kishindo.

Ludovick alikuwa nje, akiusukuma kwa bega zima. Chuma kikagonga chuma. Ukadunda, ukafunguka. Akausukuma tena. Ukadunda. Meneja aliyepita juu ya pasi ile kila siku ya kazi hakuwahi kuinama aione. Sasa hakuelewa nini kinamzuia.

"Funga, mjinga wewe!" Kessel akapayuka kutoka kwenye gari. "Choma!"

Ludovick akawasha Zippo, kiberiti chake cha chuma. Akaiachia.

Moto ukasimama kwenye kizingiti kama ukuta.

"Pindueni meza!" Joha akaunguruma. "Mguu wa meza ukiwa juu mnyororo unatoka! Pindua!"

Meza zikaanguka. Singer zikapasuka sakafuni. Minyororo ikachomoka kwenye miguu ya meza na wasichana wakasimama, wameishika mikononi. Joha na Elieth wakavuta robota la magauni, zito, limeandikwa jina la mji wa Ulaya. Wakalisukuma mlangoni, juu ya ndimi za moto. Moto ukazimika chini yake, ukafuka moshi mweusi.

"Pitieni juu! Msisimame!"

Wakapita juu ya magauni yale, mmoja baada ya mwingine, wakikohoa.

Ludovick akaona wanatoka. Akainama, akaiona pasi hatimaye, kando ya robota. Akaishika kwa mkono mtupu aing'oe.

Chuma kilikuwa kimelala motoni.

Kiganja kikashika. Kikachomeka. Alilia kama ng'ombe wa machinjioni, akavuta mkono na ngozi ikabaki kwenye mpini. Kwa mkono wa kushoto akapapasa bastola.

Elieth alikuwa na mkasi wa kukatia kitambaa, ule mrefu wa chuma.

"Restuta aliomba maji," akasema. "Unakumbuka? Mlimzika pale kwenye tuta la reli na mashine zinaendelea."

Akauzamisha mkasi shingoni mwake hadi kwenye pete za vidole.

Ludovick akakaa chini. Kisha akalala.

*

Land Cruiser ilikuwa imeshaondoka. Ikafika makutano ya reli, ikasimama. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, ndefu, polepole, mabehewa ya mahindi na saruji.

Joha aliokota SMG ya Seth. Hakukimbia. Alitembea.

Kessel akamwona kwenye kioo. Akabonyeza milango yote ikajifunga.

"Fungua," Joha akasema.

"Mimi mwekezaji! Nina barua! Nina marafiki!"

"Fungua mwenyewe leo. Ufunguo unao."

Kessel akatoa bastola ya Walther kutoka chini ya kiti. Akafyatua kupitia kioo na kumkwaruza shavu Joha.

Joha akafyatua mara moja.

Fanta na damu vikachuruzika pamoja kwenye shati la kitenge. Kola ikageuka. Lebo ilikuwa ya Anyesi, ambaye saa hiyo alikuwa Area C akimgombeza mtu kwa kumwaga chai.

Treni ikaisha. Joha akawasha redio.

"Tisa! Tisa, unanipata? Kibali kimetoka. Lakini mwekezaji asiguswe. Narudia, asiguswe."

"Umechelewa, Bosi."

"Una maana gani?"

"Ameguswa. Ova."

Lori la kubebea ng'ombe likafika na mafundi wa Uzi wa Haki, wameng'ang'ania mabomba. Mama Priska alishuka kabla halijasimama. Binti alikuwa amekaa mchangani, mnyororo bado mguuni, damu hadi viwikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama akautazama ule mnyororo. "Nani alikuruhusu kwenda Babati?"

Elieth akacheka, na kicheko kikavunjika katikati, na mama akapiga magoti kukidaka.

Baadaye Mama Priska akavua khanga ya begani, akaizungushia ile pasi, akaibeba kama mtoto. Alipogeuka amshukuru fundi wake mpya, hakumwona. Joha alikuwa mbali kwenye reli, bega limefungwa kitenge cha samaki, anatembea kuelekea mjini bila kuangalia nyuma.

*

Sasa wewe.

Usiniambie inasikitisha. Ludovick alikuwa mmoja, na ghala lile lilikuwa moja. Mtaani kwako kuna mlango. Unaujua. Kufuli liko nje na sauti ya mashine iko ndani, na wewe umeizoea kama unavyozoea jogoo wa jirani.

Hakuna Tisa anayekuja. Kibali kitatoka jioni.

Zima redio. Gonga kwa jirani, mwambie avae viatu. Chukueni nyundo. Vunjeni hilo kufuli mchana kweupe, kila mtu aone.

Na ukishaufungua, weka chuma kwenye kizingiti kabla hujasema neno lolote.

Umeinuka?

Nenda.