Kura ya Mheshimiwa Rudge

Maiti ilikuwa imeketi.

Hilo ndilo lililomshtua muuguzi Noreen Flaherty alipofungua mlango wa gari la wagonjwa lililoegeshwa uani mwa Bunge, pale Westminster. Alikuwa amemwacha mgonjwa wake amelala chali. Sasa Mheshimiwa Hedley Rudge, mbunge wa mji wa wachimba makaa huko kaskazini, alikuwa ameegemezwa mito, amefungwa mkanda kifuani, na miwani machoni.

"Hakuwa na miwani, afande," alimwambia Inspekta Gwilym Tranter, huku akijifuta machozi kwa kiganja. "Wodini hata gazeti alikuwa anasomewa."

"Labda ilikuwa mfukoni."

"Amevaa gauni la hospitali. Mfuko gani?"

Tranter aliivua ile miwani kwa leso, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo. Daktari wa polisi alikuwa amekwisha kumpima marehemu.

"Moyo umesimama," alisema. "Mapafu yake yalijaa vumbi la makaa tangu ujana. Sioni jeraha wala dalili ya sumu."

"Basi ni kifo cha kawaida?"

"Kifo, ndiyo. Lakini maiti haijifungi mkanda."

Alasiri ile Bunge lilikuwa limepiga kura ya kutokuwa na imani na serikali. Serikali ilinusurika kwa kura moja tu. Rudge alihesabiwa akiwa garini, kama desturi inavyoruhusu: mbunge mgonjwa akifikishwa uani, na mnadhimu wa upande wa pili akamwona yu hai, kura yake ni halali.

Simu ya mkuu wa Tranter haikuchelewa.

"Mzee alikuwa mgonjwa, amekufa. Kuna nini tena? Mwache alale, Tranter."

"Nitamwacha alale, bwana. Nikishajua nani alimkalisha."

Alianza na Bi Lavinia Thorold, mnadhimu wa upinzani. Kazi ya mnadhimu ni kuchunga kura za chama chake, na huyu mama alizichunga kwa jicho kali. Leo jicho hilo lilikuwa sakafuni.

"Ulimwona Mheshimiwa Rudge?"

"Nilimwona."

"Hai?"

"Kell aliniambia amesinzia." Desmond Kell alikuwa mnadhimu wa chama tawala.

"Sikuuliza Kell alisema nini, mama."

Bi Thorold alishika mkufu wake wa lulu. "Nilichungulia dirishani. Mzee wa watu, kifua wazi, gauni la hospitali. Niliona haya kumkodolea macho. Nikaitikia kwa kichwa, nikaenda zangu."

"Mnaweza kuipinga kura hiyo."

"Nisimame mbele ya Bunge zima niseme nilihesabu maiti?" Kisha akasema polepole, "Nitasimama. Aibu ni yangu, nitaibeba. Lakini ujue jambo moja, Inspekta. Asubuhi nilimwambia Kell amwache mzee wodini, nami nitamzuia mtu wangu mmoja asipige kura. Ngoma iwe droo. Ndivyo tufanyavyo siku zote mtu akiugua. Akakataa."

"Kwa sababu gani?"

"Muulize. Kama ana uso wa kukujibu."

Ofisini kwa Kell walikuwa wanaondoka watu waliokuja kumpongeza. Alikuwa bonge la mtu, sauti kama tarumbeta, na glasi ya wiski mkononi.

"Karibu, afande! Najua hunywi ukiwa kazini, lakini leo hata askofu angekunywa."

"Rafiki yako amefariki."

"Alikuwa zaidi ya rafiki. Tulipanga nyumba moja Kennington tangu tulipoingia Bunge. Alikufa baada ya kura, masikini. Alinishika mkono akasema, 'Tuwatandike, Des.'"

Tranter aliyaandika maneno hayo, akamsukumia karatasi. "Soma, kisha utie saini."

Kell aliinyoosha karatasi mbali na uso. Akaisogeza karibu. Akaisogeza mbali tena.

"Taa za humu mbovu," alisema.

"Miwani yako iko wapi?"

"Nimeisahau nyumbani."

Tranter akaweka mfuko wa vielelezo mezani. "Jaribu hii."

Tarumbeta ilizimika. Kell aliitazama miwani, asiiguse.

"Unajua ukilifukua hili serikali inaanguka?" alinong'ona.

"Najua kuna muuguzi analia uani. Anasema mzee alipozidiwa yeye alitaka kumrudisha hospitali, lakini dereva hakuwapo. Hata ufunguo wa gari haukuonekana."

Kell aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka kando ya miwani.

"Nilimwambia dereva akanywe chai, mimi nitalinda gari," alisema. "Gari lingetoka getini, kura ingekwenda nalo. Hedley alipoanza kutweta, nikamtuma yule binti amwite daktari wa Bunge. Nilijua askari wa mlangoni hatampitisha bila kibali."

"Mkabaki wawili."

"Wawili."

"Alisema nini? Sema kweli sasa."

"Alisema, 'Des, nirudishe.'" Kell aliutazama ufunguo. "Nikamwambia bado kidogo, Hedley, kengele ya kura italia sasa hivi. Ikalia. Nilipogeuka alikuwa amekwisha kwenda. Nikamkalisha. Macho hayakufumbika vizuri, ndipo nikamvika miwani yangu."

"Bi Thorold alikupa njia. Kwa nini hukuishika?"

"Sikumwamini."

"Amewahi kukudanganya?"

"Hata siku moja."

"Basi?"

Kell alijifunika uso. "Mimi ndiye niliyemdanganya. Wakati wa muswada wa bandari, mbunge wao mmoja alikuwa amejifungua. Nikamwahidi Lavinia kumzuia mtu wangu. Dakika ya mwisho nikampenyeza, akapiga kura, tukashinda. Wenzangu walinibeba juujuu. Tangu hapo, afande, mtu akiniahidi jambo, najiona mimi mwenyewe ndani yake. Nikasema naye atalipiza. Hakuwa na nia hiyo. Ubaya wote ulikuwa kwangu."

Tranter alifunga kalamu yake. "Ungekubali, kila upande ungepungukiwa mmoja. Mngeshinda kwa kura ileile moja."

"Unadhani sijaipiga hesabu hiyo?"

"Mke wa Rudge anajua?"

"Edie yuko kwenye treni. Anadhani mumewe yuko wodini, anamletea sweta." Hapo ndipo Kell alipolia.

Tranter alimwambia yuko chini ya ulinzi kwa kusababisha kifo cha Hedley Rudge. Akamsaidia kuvaa koti, akasema hana haja ya kumfunga, wateremke kimya kama watu wawili wenye maongezi yao.

Chini ya ngazi ukumbi ulikuwa umejaa wabunge wa chama tawala. Mmoja alimwona, akapaza sauti: "Huyo hapo! Mzee wa kura moja!" Makofi yakalipuka. Wengine walipiga miguu sakafuni, wengine wakanyoosha mikono wamguse bega.

Kell alisimama katikati ya ngazi. Hakuweza kushuka wala kurudi. Akamgeukia Tranter, akampa mikono yote miwili mbele ya watu.

"Nifunge, afande," alisema. "Tafadhali nifunge, waache kupiga makofi."

Tranter akatoa pingu.