Maji Chini ya Busati la Bi Khole

Kila siku basi la skuli linapomshusha Balqis mbele ya nyumba yao, mtaa wa Ansab, haendi kwa mama yake kwanza. Huvuka ua mbio mpaka chumba cha bibi yake, Bi Khole, hutupa mkoba mlangoni na kuuliza, "Bibi, leo kuna nini?" Na huwa kuna kitu. Bi Khole ni mtu wa kupika, na mgeni asiyekula kwake humhesabu kuwa adui.

Chumba chenyewe kilikuwa kipya. Magoti ya Bi Khole yalipokataa ngazi, mwanawe Thani, babake Balqis, alimwagizia chumba kizima kilichotengenezwa kiwandani, eneo la Rusayl. Kililetwa juu ya lori, kreni ikakinyanyua kupita ukuta na kukitua uani, na madirisha yake yote. Majirani walitoka kutazama kana kwamba ni harusi. Pamoja nacho ilikuja karatasi ya dhamana: kwa mwaka mmoja, kasoro yoyote ya utengenezaji itarekebishwa na kiwanda bila malipo, mradi wenye chumba watoe taarifa kabla mwaka haujaisha. Thani aliisoma karatasi hiyo kwa sauti mara mbili. Bi Khole hakusikia hata neno moja. Alikuwa akiwapakulia mafundi wali wa nazi.

Mwaka ulikaribia kwisha. Siku moja ya mwezi wa Mei, Balqis alifungua mlango wa bibi yake akapigwa na joto usoni. Bi Khole alikuwa amekaa kitandani, kanga imelowa jasho, midomo imemkauka.

"Bibi! Mbona umezima kiyoyozi?"

"Kinapumzika kidogo," alisema Bi Khole. "Nami nnapumzika nacho."

Bi Khole hawezi uongo. Kila akijaribu, macho humpanda darini. Balqis alitazama huku na huku, akaona busati limesogezwa mpaka pembeni, chini ya kiyoyozi. Alipolikanyaga lilitoa maji. Akalifunua. Sakafu ilikuwa imevimba, na ukuta umeota ukungu.

"Kikiwashwa tu, maji yanashuka ndani ya ukuta," alikiri Bi Khole. "Tangu Ramadhani."

"Basi tumwambie Baba!"

"Thubutu! Babaako kanipa chumba hiki kwa mapenzi, nimwambie kibovu? Na wale vijana waliokileta wamekula wali wangu, wakaniombea dua. Mtu umlishe, kisha umshitaki? Sisi hatukulelewa hivyo. Niahidi hutosema."

Balqis alimpenda mno bibi yake, akaahidi. Lakini tangu hapo hakuwa na raha. Kila akirudi skuli alimkuta Bi Khole amelegea zaidi. Ijumaa, Bi Khole alisimama kuchukua maji, akayumba, akashika ukuta asianguke. Balqis aliogopa sana.

Jumamosi alikuja Ghaith, mhandisi wa kiwanda, kufanya ukaguzi wa mwisho. Mama yake alizaliwa Pemba, na Bi Khole aliposikia Kiswahili chake furaha ilimzidi. Akawasha kiyoyozi kwa ajili ya mgeni. Akamtolea kahawa, halua na mkate wa kumimina, na kila Ghaith alipomaliza kipande aliongezwa kingine.

"Bi Khole," alisema Ghaith akitoa fomu, "dhamana inakwisha keshokutwa. Ukitia sahihi hapa, unakiri kuwa chumba hakina kasoro. Baadaye likitokea tatizo litakuwa juu yenu. Kuna lolote?"

Bi Khole alitazama dari. "Alhamdulillahi, mwanangu. Hakuna lolote."

Akachukua kalamu. Balqis, aliyekaa karibu na babake, aliona pembe ya busati ikianza kulowa. Katika nyumba ile, kumkatiza mkubwa mbele ya mgeni ni kosa, na kuvunja ahadi ni kosa kubwa zaidi. Alijua atamwaibisha bibi yake. Alijua pia kwamba joto lenyewe ndiyo kwanza linaanza.

"Bibi, nisamehe," alisema, machozi yakimtoka. "Usitie sahihi! Baba, maji yanavuja ndani ya ukuta. Bibi huzima kiyoyozi tukiwa hatupo. Jana karibu aanguke."

Thani aliinuka akafunua busati. Akapiga magoti mbele ya mama yake na kumshika mikono. "Mama, umekaa katika joto ili usiniudhi mimi?"

Ghaith alikuwa amekwisha kuweka kikombe chini. Aligonga ukuta, akasikiliza, akagonga tena. "Mpira wa kutolea maji umechomoka ndani. Hili ni kosa letu. Bi Khole, mkate wako nimeula. Sasa niache nifanye kazi yangu, nisiwe nimekula bure."

Bi Khole alishusha uso. Kisha akasema polepole, "Basi andika na mlango wa choo."

"Mlango una nini?"

"Haufungi tangu siku ya kwanza. Na dirisha lile. Na swichi ya taa."

Ghaith aliandika mpaka fomu ikajaa, akamwachia Thani nakala. Jumanne mafundi walifungua ukuta, wakatia mpira mpya, wakabadilisha sakafu na kutengeneza yaliyobaki. Thani hakudaiwa hata sarafu moja ya baisa.

Siku zote hizo Balqis alikuwa akimkwepa bibi yake kwa haya. Mafundi walipoondoka, Bi Khole alimwita.

"Umenikasirikia, Bibi? Nilikuahidi."

"Nilikukasirikia mpaka Jumapili adhuhuri," alisema Bi Khole, akamvuta kifuani. "Kisha nikajikasirikia mwenyewe. Nilidhani adabu ni kunyamaza, kumbe nilikuwa nnakufundisha uongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayekupa kitu kwa mapenzi ndiye wa kwanza kumwambia kina kasoro, maana ndiye atakayeumia ukiteseka nacho. Na ahadi ya kuficha linalomdhuru mtu, mwanangu, usiiweke, hata kama aliyekuapisha ni bibi yako."