Abiria wa Msoma Mita

Kiti cha nyuma cha pikipiki kilikuwa kimebonyea, na hakuna aliyekikalia.

Msoma mita alidhani macho yanamdanganya. Alikuwa ametoka kusoma mita ya maji ya nyumba ya mwisho mtaani, mahame ya miaka mingi. Mabomba yalikuwa makavu, lakini mshale wa mita ulizunguka mbio. Alicheka, akapaza sauti getini, "Kama kuna mtu humo, toka basi tuondoke wote!" Utani wa mtu asiye na wa kutaniana naye. Tangu mkewe afariki, alipita nyumba sitini kwa siku akisalimiana na mageti, kisha akarudi chumbani ambako hata kikohozi chake mwenyewe kilimshtua.

Wiki ile, kwenye kila shimo barabarani tairi la nyuma liligonga madigadi. Akaipeleka pikipiki kwa fundi, mama wa maneno machache aliyeitwa Bi Spana.

"Shokapu zimekufa," alisema Bi Spana, akimwonyesha oili iliyovuja kwenye springi za nyuma. "Unabeba abiria?"

"Abiria nitamtoa wapi, dada?"

Bi Spana akapanga jozi tatu za shokapu mpya mezani, akazipima kwa futi kutoka tundu la bolti la juu hadi la chini. "Hizi ndefu. Zitainua pikipiki makalio, utaendesha kama unateremka mlima. Hizi nene ni za mizigo. Ukiwa peke yako zitakuvunja kiuno. Hizi laini ndizo za mtu mmoja."

"Nipe hizo," alisema.

Bi Spana akafunga, akakaza nati, akarudi nyuma kufuta mikono. Ndipo ikapita kati yao harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, vumbi lililolowa, na zile springi mpya zikaanza kulia, polepole, kama kitanda cha mgonjwa anayejigeuza bila kutaka kuamsha watu, zikashuka, zikazidi kushuka, mpaka kiti kikaingia ndani kwa uzito wa mtu mzima, mchana kweupe, huku msoma mita akihisi pumzi ya baridi sikioni, kama ya mtu anayejiandaa kusema jambo kisha akaghairi.

"Kaka," alinong'ona Bi Spana, "huyu umempakia wapi?"

Akamweleza, kwa sauti ya chini vilevile.

"Aliyempandisha ndiye wa kumshusha. Mrudishe. Usimtukane, usimkimbie. Mwambie safari imekwisha."

Akaenda, mgongo ukimganda njia nzima. Lakini lililomtesa zaidi hakumwambia Bi Spana: wiki nzima alikuwa akiongea njiani, akisimulia habari za mbwa wakali na mageti mabovu, na moyoni alijua kuna anayesikiliza.

Getini akazima injini.

"Tumefika," alisema. "Safari yetu imekwisha. Shuka kwa amani."

Springi zikapanda, taratibu, mpaka juu. Akageuza pikipiki, akaondoka. Ilikuwa nyepesi kama punda aliyetuliwa mzigo; mashimo aliyapita bila kuyasikia. Bi Spana alikuwa amechagua vizuri. Akajikuta akilia ndani ya helmeti.

Kesho yake alibisha hodi kwa bibi mmoja ambaye siku zote alimwonyesha mita kwa kidole, asimtazame. Leo bibi alifungua geti lote.

"Karibuni ndani, wanangu. Karibuni."

Msoma mita akageuka. Barabara tupu. Kiti kilikuwa sawa, springi zimesimama wima.

"Niko peke yangu, bibi."

Bibi akacheka kidogo, akitazama juu ya bega la msoma mita. "Na huyo uliyembeba mgongoni je? Mtue naye akae, maskini."

Alitaka kupiga yowe, lakini yowe halikutoka, na mikono yake ikapanda yenyewe, taratibu, hadi kifuani, ikakuta vidole vya baridi vimefungamana pale, vyembamba, visivyobana, vimemshika kama mtoto anavyomshika mzazi wake sokoni asije akapotea. Miaka mitatu sasa hakuna mtu aliyekuwa amemkumbatia.

Akaviinamishia kidevu vidole vile.

"Asante, bibi," alisema. "Tumeshakaribia."